Visanduku Kumi na Kimoja

Nilimpa jina la Babewatoto
kwa kuwa bundi hapendwi na mtu Lamu.
Akilia juu ya paa, chumvi hutupwa motoni,
mgonjwa hugeuzwa kitanda.
Nikasema, huyu ndiye awe shujaa wangu,
apigwe mawe na wale wale anaowaokoa.

Miaka minne, juu ya meza ya cherehani ya marehemu shangazi.
Ukurasa wa thelathini na mbili:
Kibiriti, aliyechoma nyumba sabini za makuti, Langoni,
na ya Babewatoto ikiwamo,
na mke wa Babewatoto akiwa ndani,
ananing'inia ukingoni mwa dari,
na kilichomshika
ni mkono wa yule mjane.

Visanduku kumi na kimoja niliuchora mkono tu.
Cha kwanza, vidole.
Cha nne, jasho.
Cha saba, kucha zinachana ngozi,
sikujua ngozi ya nani.
Cha tisa nilikiacha cheupe.
Wiki tatu sikulala: mimi namuuliza yeye,
yeye ananiuliza mimi.
Cha kumi na moja, alfajiri. Bado ameshika.
Bawa limevunjika, bega limetoka mahali pake,
na chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani,
niliandika: hajasamehe.

Wairuri alishuka Manda kwa ndege ya asubuhi.
Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Ningependa kusema alikuwa mbaya.
"Bundi hauziki," akasema, "tumfanye kozi.
Mke tumfanye mchumba.
Na huu mkono, ndugu yangu,
dakika ngapi za mkono?
Mtu kalipa kiingilio. Anataka uachie."

Nikatazama karatasi. Nikatazama mlango wa chumba
ambamo mama alikuwa akipapasa ukuta
akitafuta kanga aliyojitanda.
Ukungu machoni, mwaka wa tatu,
na hospitali ilishataja bei.
Nikatia sahihi.
Kalamu ilikuwa ile ile.

Wakatandika kitambaa uwanjani, mbele ya ngome.
Kozi wao ana misuli.
Kozi wao anaruka vizuri kuliko bundi wangu, nakiri,
na Langoni yao inaungua kwa rangi
ambazo sikuwahi kuwa na pesa za kuzinunua.
Saa ile ilipofika
akamtazama Kibiriti, akasema neno la kuchekesha,
akafungua vidole.

Makofi! Hata walioketi ukutani walisimama.
Na mama, kwa jicho lake jipya, akayapiga kupita wote.
"Nimeona kwa mato yangu! Kaanguka, mwanaharamu, kaanguka!"
Mama aliwahi kubeba ndoo usiku wa moto wa kweli,
akazika aliyemzika.
Mimi moto nimeuchora.
Nani nimwambie kakosea kupiga makofi?
Nikaikalia mikono yangu.

Jana, kichochoro cha nyuma ya msikiti,
Twaha kafunga kanga ya dadake shingoni,
kalala kifudifudi juu ya ukuta wa gofu,
kamshika Bwanaheri kiganja kimoja.
Miguu ya Bwanaheri hewani.

"Nikuachie?"
"Kwani tunacheza ipi? Ya kitabu au ya sinema?"
"Ya sinema."
Bwanaheri akaangalia chini:
mawe, kigae cha chupa, samadi mbichi ya punda.
"Ya kitabu," akasema. "Twaha, wallahi, ya kitabu."

Twaha akafikiri.
Nami nilisimama pale na mikate yangu ya mofa
ikipoa kwapani,
nikihesabu vidole.